Wembe wa Fundi Chui

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa wembe mmoja na vifua mia!

Haya, sogeeni. Anayesinzia asinzie kwa adabu. Ngano hii nimeitembeza toka Tunduru mpaka Kigoma, na kila nilipoisimulia nilipewa chakula ili ninyamaze.

Hapo kale palikuwa na Fundi Chui, fundi wa kuchanja chale. Kila mwaka kabla ya mvua wanyama walipanga foleni, akawachanja kifuani na kuwapaka dawa nyeusi, kinga ya mabaya yote. Asiye na chale hanywi maji kisimani, na kisima chenyewe alikilinda Chui. Ujira wake samaki wakavu. Wenzake walikuwa na matumbo. Yeye alikuwa na ghala.

Wembe wake ulikuwa mmoja, wa marehemu babu yake. Hauoshwi, alisema, ukiuosha nguvu zinatoka. Basi ikawa chwa, chwa, paka dawa, futa wembe pajani, anayefuata. Chwa, chwa, paka dawa, futa wembe pajani, anayefuata.

Mwaka mmoja, miezi mitano baada ya chale, Digidigi akaamka macho ya manjano. Ngedere naye, macho ya manjano, mkojo kama chai ya rangi. Nguchiro naye, hali chakula, analala tu. Wakauliza nani kaleta balaa. Wakasikia kwamba Swala, aliyekuwa na mimba changa, amepimwa kule kwa Mama Korongo, muuguzi wa zahanati, akakutwa na homa ya ini, ingawa mwenyewe hajisikii hata mafua. Basi wakamtenga. Kikombe chake hakiguswi. Akipita, watoto wanaitwa ndani.

Pimbi peke yake hakumtenga. Huyu ni mdogo, anakaa majabalini, mkia hana ila maneno anayo. Alikwenda kwa Mama Korongo akauliza mpaka muuguzi akachoka. Akarudi na sahani ya ugali, akaketi mlangoni kwa Swala.

"Kula, shoga. Nimeambiwa homa hii haipiti kwenye ugali wala kwenye kukumbatiana. Inapita kwenye damu, inapita kitandani kwa mume na mke, inapita kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa."

Swala akalia kidogo, kisha akala sana.

Pimbi akakumbuka foleni ya chale. Waliomtangulia Swala wazima. Waliomfuata, manjano. Akamtazama mwanawe wa pekee, Kipimbi, ambaye msimu ujao ndiye wa kuchanjwa. Akawaeleza majirani, wakamcheka. Wembe wa babu ulete ugonjwa?

Siku ya chale ikafika. Pimbi akasimama mbele ya watu, amejitwisha kapu la samaki kubwa kuliko yeye, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mama Kipimbi. Tua mzigo."

Pimbi akasema kwao majabalini wana desturi: fundi huchanjwa wa kwanza, kwa wembe uleule, ndipo dawa iamke. Na akishachanjwa, kapu zima ni lake.

Chui akalitazama kapu. Akautazama wembe. Akalitazama kapu tena, mate yakamdondoka, to, to, to. Akakaa kitini, akafungua kifua. Pimbi akaushika wembe wa babu, akaufuta pajani, akainua mkono.

"Ngoja kwanza," Chui akasema.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikaratasi. Ndani yake wembe mpya, haujaguswa, bado una mafuta ya dukani.

"Tumia huu."

"Na wa babu?"

"Huo ni wenu."

Pimbi akauliza kwa upole, kama anayeulizia chumvi, "Kwa nini, Fundi?"

"Nimeyaona macho ya Ngedere. Mimi nina ini moja tu, mama."

Nguchiro mgonjwa akajikongoja toka nyuma. "Na sisi tunayo mangapi?"

Foleni ikageuka kichwa na mkia, ikaelekea zahanati, na kapu likaenda nayo. Kule, kila mmoja alifunguliwa sindano yake mbele ya macho yake, chwi, kisha ikatupwa kwenye boksi. Walio wazima wakapata chanjo, wakaambiwa warudi mpaka zitimie tatu. Wagonjwa wakapimwa na kuandikiwa siku za kurudi. Kipimbi alipiga yowe la kuangusha bati. Swala alipojifungua, mwanawe alichanjwa siku ileile, na leo ana mbio kuliko mama yake.

Na aliyesimama wa mwisho kwenye foleni, kichwa chini, alikuwa nani? Chui. Mama Korongo alimpa sindano mpya kama wenzake. Kisima kikawa cha wote. Samaki wakaliwa sahani moja, Swala katikati, na Chui akapewa kichwa kimoja, kwa huruma.

Funzo? Uchoyo ni tabia njema, jamani. Chui asingelilipenda ini lake peke yake, nasi tusingelijua thamani ya yetu.

Ngano yangu imekwisha, naiacha hapa mkekani. Mwenye wembe aondoke na wake, na ugali tubaki nao wote.