Mgomba Uliovikwa Sanda

Mwanamke mmoja alikuwa katikati ya kukamua ng'ombe, shemeji yake alipoingia zizini akihema. "Redio imetangaza. Mume wako amefia huko ugenini."

Mumewe alikuwa mbunge. Siku rais alipotaka kutawala maisha yake yote, wenzake walipiga makofi, yeye akasimama akasema hapana. Kesho yake akavuka mpaka kwa miguu. Mwaka wa saba huu, na watoto wake wanne wamefukuzwa shule kwa sababu ya jina lake.

"Nani ameuona mwili?"

"Shemeji, redio imesema!"

"Redio hiyo hiyo ilisema ni mwizi. Uliamini?"



Ndugu zangu, watu wa kijiji kile wana desturi. Mtu akifia mbali, mwili usipatikane, hukatwa mgomba, ukavikwa sanda, ukazikwa badala yake. Na aliyezikwa hivyo, hata akirudi hana tena mke wala nyumba.

"Chifu ameahidi," shemeji akanong'ona. "Tukizika leo, Jumatatu watoto wako darasani."

Ungefanya nini? Usijibu haraka. Mama yule naye alimaliza kwanza kukamua.

Alipotoka zizini, mgomba ulikuwa umeshalazwa uani ndani ya shuka jeupe, na majirani wanalia. Akalivua lile shuka, akalikunja vizuri maana lilikuwa bado zima, akachukua panga, akaukatakata mgomba vipande vipande na kumtupia ng'ombe.

"Umemlisha ng'ombe marehemu!" jirani mmoja akapiga yowe.

"Basi kesho usije kuomba maziwa."

Je, mumewe alikuwa hai? Mama yule hakujua. Alichojua ni kwamba wale waliokuwa wakilia hawakuwa wamefiwa. Walikuwa wamechoka kuogopa.

Na sisi je? Anayetusemea akiwa hai, jina lake hatulitaji hata jikoni. Tukisikia amekufa, ndipo tunakuwa wepesi wa kuleta turubai, masufuria na machozi. Tukishamzika, tunapumua. Aliye hai anatusumbua, kwa kuwa huenda siku moja tukalazimika kumtazama usoni. Tusizike watu ili tupate usingizi.

Jioni ile mama alipakua ugali na kunde. Sare za shule hazikuwapo, wala ahadi ya chifu. Mtoto wa mwisho akauliza, "Mama, sasa tuko wangapi?"

Akawahesabu kwa mwiko, mmoja mmoja. "Ninyi wanne, mimi wa tano, baba yenu wa sita. Tumetimia. Haya, kuleni, ugali unapoa."