Ukuta Uliotafunwa

Hadithi hii hapa, mwenye masikio ayasogeze.

Bi Mwasiti aliamka akakuta ukuta wake wa udongo umetafunwa. Siku ya pili tundu likapanuka. Siku ya tatu akajibanza nyuma ya mtungi, akamfuma Kidawa, mke wa mwanawe, mja mzito aliyepauka midomo, anamega udongo na kuula.

Bi Mwasiti akapiga kelele hadi majirani wakajaa uani. "Njooni mwone! Mwanangu kaoa zimwi, linakula nyumba!"

Kidawa akainama. "Nisamehe, mama. Mwili unautaka, siwezi kujizuia."

"Mwongo! Ewe ukuta, waambie anavyokufanya!"

Basi wanangu, lile tundu likafunguka kama kinywa, ukuta ukasema.

"Kuku alipochinjwa, maini alikula nani?"

Bi Mwasiti akarudi nyuma hatua moja.

"Mbuzi alipochinjwa, maini alikula nani?"

Majirani wakatazamana.

"Dagaa walipopikwa, nani alimwambia mwenye mimba mchuzi unamtosha? Damu yake inatafuta chuma, Mwasiti. Mimi udongo simfai kitu, lakini sijamnyima."

Majirani wakaondoka mmoja mmoja, hakuna aliyemuaga. Bi Mwasiti alitamani wangemtukana.

Jioni akapika maini, akampelekea Kidawa kwa mikono yake, macho chini. Kidawa akayakata, na kwa mazoea akachagua pande kubwa, akamnyooshea.

"Anza wewe, mama."

Nami naishia hapo. Mwenye maini mdomoni, na ameze akiweza.