Kokoto za Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, tembo walipokuwa bado hawajui kuhesabu (na wewe hapo nyuma, acha kusukumana!), paliishi Bi Nguchiro, mjane mwenye watoto sita. Kiangazi kilibakiza kisima kimoja tu. Kila asubuhi Bwana Tembo alitangulia kunywa, akaacha tope. Watoto wa Bi Nguchiro midomo ikawapasuka kwa kiu.

Bi Nguchiro akamwendea na sarafu aliyookota, upande mmoja kichwa, upande wa pili mti. Akaomba wairushe mara nne kila asubuhi. Vikija vichwa viwili na miti miwili, Tembo atangulie. Ikiwa vinginevyo, yeye na wanawe watangulie.

Tembo akacheka mpaka masikio yakapiga pwa pwa. "Mama watoto, pande mbili, mirusho minne! Si lazima iwe mbili kwa mbili?" Akaapa mbele ya wanyama wote kwamba agano litadumu mpaka mvua inyeshe.

Ting! Ting! Ting! Ting! Asubuhi ya kwanza ikawa mbili kwa mbili. Bi Nguchiro akarudi na watoto wanaolia, lakini hakubadili neno. Ya pili, vichwa vitatu. Ya tatu, kimoja. Mwezi ulipoisha, Tembo alikuwa ametangulia mara kumi na mbili, Bi Nguchiro kumi na nane.

Tembo akafoka kwamba sarafu imerogwa.

Bi Nguchiro akapanga kokoto mchangani, nyeupe kwa kichwa, nyeusi kwa mti, nne nne kwa mstari, kila namna mirusho minne inavyoweza kufuatana. Mistari ikatimia kumi na sita. Mmoja mweupe wote, mmoja mweusi wote. Minne ilikuwa na nyeupe moja, minne mingine nyeupe tatu. Yenye mbili kwa mbili ilikuwa sita.

"Kila mstari una bahati sawa na mwenzake," akasema. "Wewe ulichukua sita, Bwana Mkubwa. Mimi nikabaki na kumi."

Tembo akahesabu kwa mkonga, akarudia. Mwili ukamsisimka. Sarafu haina macho wala masikio, nayo mwezi mzima haikwenda mbali na kokoto zile!

Wakarusha ya siku hiyo. Mbili kwa mbili, zamu ya Tembo. Lakini yeye akarudi nyuma taratibu, asikanyage hata kokoto moja, akawapisha watoto wanywe.

Basi wanangu, kabla hamjaapa, hesabuni njia zote.