Sentensi ya Kwanza ya Lukore

Kaeni mkao wa kusikiliza. Mwenye la kusema aliweke moyoni mpaka nimalize, kwa sababu mwishoni nitakuja kulidai.

Palikuwa na nchi ndogo ya milimani iliyoitwa Lukore. Wenyewe waliiita hivyo, na mabibi zao waliiita hivyo. Lakini jirani yao Usengwe, nchi kubwa yenye mitambo ya kuchapa vitabu, ndiyo iliyotoa Kamusi ya Nchi, kitabu kinene kilichotegemewa na kila shule, kila redio na kila chama cha michezo cha pande zile. Ukiifungua kamusi hiyo kwenye herufi L ulikuta mstari mmoja tu: "Lukore: tazama Usengwe ya Chini." Ukienda huko ulikoelekezwa, unaisoma nchi yako kama mkia wa nchi ya mwenzako. Na Lukore hata haiko chini. Mito yote ya Usengwe inatoka kwao.

Watu watatu walilikataa jina hilo, kila mmoja kwa kile alichojaliwa.

Kalunde alijaliwa miguu. Alikimbia kwenye miinuko ya Lukore tangu utotoni, na alipofika umri wa kushindana hapakuwa na mwanamke wa kumfikia.

Bahenge, mwalimu wa jiografia, alijaliwa kumtoa mtoto woga. Mtoto aliyeingia darasani kwake akinong'ona alitoka akiuliza maswali.

Sefania alijaliwa jicho. Alikuwa mhariri katika kampuni ya Kamusi huko Kibwere, mji mkuu wa Usengwe. Mama yake alikuwa Mlukore, baba yake Msengwe. Neno lililokaa mahali pasipo pake lilimkera kama mchanga ndani ya kiatu.

Sasa sikilizeni alichofanya kila mmoja.

Michezo mikubwa ilifanyika Kibwere, na Kalunde akaenda kukimbia mbio ndefu. Asubuhi ya siku yake kiongozi wa timu, Bwana Matindi, alimletea kitambaa cha kuvaa kifuani. Chini ya namba yake palichapwa: Usengwe ya Chini.

"Hiki si changu," Kalunde akasema.

"Ni chako, mwanangu. Wametoa jina kwenye Kamusi, na Kamusi ndiyo wanayoifuata. Wewe kimbia kwanza. Habari ya jina tutaizungumza baadaye."

"Nikishinda nimevaa hiki, nitakuwa nimemshindia nani?"

Matindi alikuwa mtu mwema, na alikuwa amehangaika sana kupata nauli za timu. Alimwekea kile kitambaa mapajani, akatoka.

Kalunde aliingia uwanjani bila kitambaa kifuani, amekikunja mkononi. Msimamizi akamwambia asiyevaa hakimbii. Kipaza sauti kikaita majina, kikafika kwake: "Kalunde, Usengwe ya Chini." Hakusogea. Kikaita tena. Wakimbiaji wenzake walikuwa tayari wameinama kwenye mstari, na watu majukwaani walianza kupiga miluzi. Hapo Kalunde akaketi. Aliketi chini, katikati ya njia yake, miguu ameinyoosha mbele, mikono magotini.

"Inuka, dada, unatuchelewesha," msimamizi akasema.

"Niite kwa jina la kwetu, nitainuka."

Askari wawili walimbeba kumtoa. Alipowekwa kando ya uwanja mbio zikaanza, na akazitazama zote. Aliyeshinda alikimbia polepole kuliko yeye anavyokimbia mazoezini. Hilo ndilo lililomuuma kuliko kubebwa. Alifungiwa kushindana kwa muda mrefu kiasi kwamba adhabu ingekwisha miguu nayo imekwisha.

Aliporudi nyumbani mama yake alimpokea, akamwandalia chakula, kisha akasema bila kumtazama, "Ungeleta medali, mimi ningeivaa hata sokoni. Ningewaambia watu wote imetoka Lukore."

"Medali yenyewe ingesema nini, mama?"

"Medali haisemi, Kalunde. Mimi ndiye ningesema."

Kalunde akanawa mikono, akala.

Lakini picha ya msichana aliyeketi uwanjani ilisambaa nchi nyingi. Waandishi wa habari wakaenda kuiuliza kampuni ya Kamusi: kwa nini mnawaita watu jina wasilolitaka? Mwenyekiti wa kampuni akajibu redioni kwa utulivu, "Sisi hatubuni majina. Tunaandika yanayotumika. Waulizeni watoto wao wenyewe. Katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, swali la kwanza ni kutaja nchi yao, na kila mwaka wanaandika Usengwe ya Chini."

Na ilikuwa kweli. Mtihani ulisahihishwa Kibwere, na kampuni hiyohiyo, kwa kufuata Kamusi, na mtoto aliyeandika Lukore alikosa alama.

Mwalimu Bahenge aliyasikia maneno hayo akiwa chumba cha walimu, chai mkononi. Aliiacha chai, akaenda darasani kwake.

"Swali la kwanza mnalijua," akawaambia wanafunzi. "Jibu la kitabu mnalijua, na jibu la kwenu mnalijua. Sitawaambia mwandike lipi. Ila nawaambia kitakachotokea, ili asiwepo wa kusema alidanganywa. Ukiandika la kwenu, utakosa alama. Wengine kwa alama hiyo mtakosa nafasi ya sekondari. Nami nitakosa kazi."

Msichana mmoja akainua mkono. "Na wewe mwalimu ungeandika lipi?"

"Mimi sifanyi mtihani. Kwa hiyo usiniulize mimi."

"Ndiyo maana nakuuliza, mwalimu. Wewe hupotezi alama."

Darasa likacheka, na Bahenge naye akacheka, lakini usoni alibadilika. "Ningeandika Lukore," akasema.

Hakuishia hapo. Alipanda milima na kushuka, shule kwa shule, akizungumza na walimu wenzake. Wengine walimfukuza, wengine walimpa mahali pa kulala. Karatasi za mtihani zilipofika Kibwere mwaka ule, nchi nzima ilikuwa imeandika neno moja. Mwandiko mbaya na mzuri, wino wa bluu na mweusi, Lukore, Lukore, Lukore.

Bahenge alifukuzwa kazi. Akaanza kulima vitunguu nyuma ya nyumba yake. Na watoto wengi walikosa sekondari kwa upungufu wa alama moja, kama alivyosema. Baba wa mtoto mmoja alimfuata shambani akamwambia, "Mwanangu alikuwa wa kuwa daktari. Umemfanya shujaa. Nani alikuomba?" Bahenge alisimama na jembe lake akayasikiliza yote mpaka mtu yule akachoka, kisha akasema, "Hakuna aliyeniomba." Akarudi kulima.

Huko kwenye kampuni, zile karatasi zilijadiliwa. Mwenyekiti akasema makosa ya watoto si matumizi ya lugha, akaamuru ziteketezwe. Toleo jipya la Kamusi lilikuwa karibu kwenda mitamboni, na aliyetayarisha kurasa zake alikuwa Sefania. Aliagizwa aziache kama zilivyokuwa.

Sefania alifanya kazi yake mchana kweupe. Kwenye herufi L aliandika Lukore kwa herufi nene, akaweka hapo habari zote za milima, mito na watu wake. Kwenye herufi U akaandika: "Usengwe ya Chini: tazama Lukore." Alipomaliza alichukua ukurasa, akagonga mlango wa mwenyekiti, akauweka mezani kwake.

"Nini hiki?"

"Ni sahihisho, mzee. Nimeona nikuoneshe mwenyewe."

"Nilikuagiza nini?"

"Nimekisoma kitabu hiki miaka yangu yote ya kazi, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Ukitaka kulirudisha, rudisha. Ila utalirudisha bila mimi. Na karatasi za watoto ulizoamuru ziteketezwe ziko kwangu; niliziokoa kabla ya moto. Nitasimama pale nje kwenye ngazi nizioneshe kwa kila mwandishi wa habari atakayepita."

"Baba yako alikuwa mtu wa hapa, Sefania."

"Na mama yangu?"

Alifukuzwa papo hapo, na alifanya kama alivyosema. Alisimama kwenye ngazi akizionesha karatasi moja moja. Majirani zake wakamwita msaliti. Vioo vya nyumba yake vilivunjwa kwa mawe, na ndugu zake wa kuumeni wakatangaza kwamba hawamjui. Alivuka mpaka kuingia Lukore na mkewe, wakiwa na masanduku mawili. Lakini mwandiko wa watoto ulikuwa umekwisha kuonekana. Maktaba na shule za nchi nyingine zikaiandikia kampuni kwamba hazitanunua tena Kamusi yenye uongo. Kampuni ikasalimu amri. Ukurasa wa Sefania ukapita kama ulivyo.

Sasa ndipo palipo na fundo.

Katika Kamusi ile, habari za kila nchi zilianza kwa sentensi moja iliyotungwa na mtu mmoja aliyechaguliwa na wananchi, na jina lake likachapwa chini yake. Lukore haikuwahi kuwa na sentensi yake. Kampuni ikaliandikia Baraza la Lukore: leteni sentensi kabla ya jua kutua Ijumaa, na jina la mtu mmoja, si wawili. Msipoleta, tutaiandika sisi.

Baraza lilikutana Ijumaa yenyewe mchana, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Bi Sabina Kiyogo, spika, aliwaita mbele wale watatu. Wengi walidhani kila mmoja atampisha mwenzake, na mambo yaishe kwa makofi.

"Kalunde, unasemaje?" spika akauliza.

"Naitaka," Kalunde akasema.

Minong'ono ikaanza. Akapaza sauti juu yake. "Nimesikia watu wakisema msichana aliketi tu. Nilikaa chini mbio zangu zikanipita mbele ya macho yangu, na ningezishinda. Nisingeketi, yule mwenyekiti asingeulizwa kitu. Nilitoa kitu pekee nilichokuwa nacho, na hakirudi. Naitaka."

"Mwalimu?"

Bahenge alisimama taratibu. "Dada huyu aliamsha swali. Jibu waliliandika watoto. Bila karatasi zile, mwenyekiti angeshinda kwa neno lake la redioni. Wapo vijana humu ndani waliokosa shule kwa ajili yangu. Naitaka sentensi hiyo ili nilipe deni langu kwao, angalau waone jina la mwalimu wao halikufichwa. Kama nilikosea, na liandikwe hapo, walijue la kulaumu."

Kutoka nyuma sauti ya mwanamume ikasema, "Walioteseka ni watoto. Wewe unalima vitunguu." Hakuna aliyemnyamazisha.

"Ndugu Sefania?"

"Wenzangu waligonga mlango," Sefania akasema. "Aliyekuwa ndani ni mimi. Bila mimi karatasi zingekuwa majivu na picha ya uwanjani ingesahaulika. Mnanong'ona kwamba mimi ni nusu. Kule pia walinong'ona hivyohivyo, wakaipiga nyumba yangu mawe. Niambieni basi ni wapi nilipo mzima. Naitaka kuliko wote, kwa sababu hawa wawili hata mkiwanyima wataendelea kuitwa Walukore."

Ukumbi ukagawanyika. Wa huku wakasema aliyeanza, wa kule wakasema aliyethibitisha, wengine wakasema aliyekamilisha. Mzee mmoja akapendekeza wasipeleke chochote kama ishara ya kususa. Bi Sabina akamkatiza: "Tukisusa, Kibwere ndiyo itakayotuandika. Tumeandikwa vya kutosha."

Kalunde alitazama nje. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea mlima, na mtu wa kupeleka ujumbe alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake mlangoni, akisubiri. Akawatazama wale wawili kando yake. Hakuwachukia. Hata hivyo hakutaka kushusha neno lake, nao hawakutaka kushusha lao.

"Ukipewa utaandika nini?" Bahenge akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Nikipewa mtaisoma," Kalunde akasema. "Nisipopewa ni yangu."

Bi Sabina aligonga meza. "Wajumbe, maneno yametosha. Nitataja jina moja moja, nanyi mtainua mikono."

Na mimi naishia hapo, mikono ikiwa bado chini. Nyinyi mlioketi hapa ndio Baraza, na pikipiki iko mlangoni. Ni aliyeziacha mbio zake, ni aliyewatoa watoto woga na alama zao, au ni aliyefukuzwa kwa baba yake ili akaribishwe nusunusu kwa mama yake? Haya, wewe wa mbele, tuanze na wewe. Mkono wako unauinua kwa nani, na wale wawili utawaambia nini?