Fundi Bwanaheri na Msumari wa Nne

Paukwa!

Pakawa!

Loo, mnaitika kama mliolala na njaa! Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Sogeeni. Wewe wa nyuma, zima hiyo simu, maana hadithi hii ni ya masikio.

Hapo zamani za kale, kabla ya pikipiki, kabla ya lami, palikuwa na kijiji cha wachukuzi wa chumvi. Chumvi ilivunwa bondeni, ikapanda milimani kwa migongo ya punda na farasi. Njia ilikuwa mawe matupu. Mawe makali, mawe yasiyo na huruma. Mnyama asiye na viatu hakufika. Alirudi njiani, tiki-ta, tiki-ta, anachechemea, kwato zimemeguka.

Kwa hiyo mkubwa wa kijiji hakuwa Jumbe, ingawa Jumbe mwenyewe hakuambiwa. Mkubwa alikuwa Fundi Bwanaheri, aliyewavisha wanyama viatu vya chuma.

Bibi yangu alimkuta, mzee sana, mgongo umepinda kwa kuinamia kwato miaka yote. Ah, wazee wale! Natamani mngemwona akifanya kazi. Kwanza hakumgusa mnyama. Alimwangalia anavyotembea, aende, arudi, aende, arudi. Kisha alimsogelea, akampapasa bega, akashuka na mkono mpaka mguuni, akasema, "Hodi."

Naam, hodi! Mguu wa mnyama ni nyumba ya mwenyewe, huingii tu. Akasubiri. Mnyama akihamisha uzito, mguu ukawa mwepesi, hiyo ndiyo karibu yake. Ndipo Fundi akauinua, akauweka juu ya paja.

Akachokoa uchafu. Akakata ukwato uliozidi kwa kisu kilichopinda, vipande vikaanguka, mbwa wakavigombania. Akasawazisha kwa tupa, kwaru, kwaru, kwaru. Kiatu akakichoma motoni, akakifua, akakipima, akakirudisha motoni. Mteja mwenye haraka akinung'unika, alimjibu, "Kiatu ndicho kinachofuata mguu, bwana. Mguu haufuati kiatu."

Halafu ikaja misumari. Hapo kila mtu alinyamaza. Akina mama walinyamaza, watani walinyamaza, hata aliyebanwa na kikohozi alitoka nje. Kwa nini? Kwa sababu Fundi Bwanaheri alipigilia kwa sikio. Ndani ya ukwato kuna sehemu ngumu kama kucha, na kuna nyama yenye uhai. Msumari ukipita kwenye ugumu, mlio unapanda: ti, ti, ti! Ukiingia kwenye nyama, mlio unazama: ti, ti, du. Akisikia "du", aliung'oa papo hapo.

Mnanifuata? Vizuri.

Basi siku moja Jumbe Mwinyikondo alikuwa anamwoza mwanawe. Bwana harusi apande farasi, na farasi ni Kipanga, mweupe, kipenzi cha Jumbe. Kiatu kimoja cha mbele kilikuwa kimelegea. Jumbe akamwita Fundi uani kwake, ngoma zikilia, vigelegele vikipasua anga.

"Jumbe, wanyamazishe kidogo," akasema Fundi.

"Ninyamazishe ngoma ya harusi ya mwanangu? Wataniona nimefiwa! Pigilia, Fundi. Wewe hata ukiwa umelala utapigilia."

Sifa, jamani. Sifa ni tamu. Fundi Bwanaheri, ambaye hakupata kupigilia penye kelele, siku ile akapigilia. Ngoma zinasema dundu, dundu, dundu. Nyundo inasema nini? Hakuna aliyesikia. Akamaliza, akaondoka kwenda zake safari ya siku nne, kununua chuma.

Kipanga akatoka na bwana harusi. Barabarani alisimama Bi Mize, mjane mfinyanzi, mgeni aliyeolewa pale kisha mume akamfia. Hakuwa na ndugu hata mmoja kijijini. Alipomwona farasi akapiga makofi. "Loo! Farasi mzuri huyu! Sijaona mzuri kama huyu!"

Akasahau kusema mashallah.

Nani amesema "ee"? Wewe umeshajua. Kesho yake Kipanga akachechemea. Kesho kutwa akachechemea zaidi. Siku ya tatu hakukanyaga kabisa, amesimama kwa miguu mitatu, jasho linamtoka. Maneno yakaanza. Kisimani yakaanza, barazani yakaitikiwa. "Amepigwa jicho." "Jicho la nani?" "Si yule mfinyanzi? Amemsifu bila mashallah, tumesikia kwa masikio yetu." "Na mumewe je, si alikufa vivyo hivyo?"

Jumbe akatoa amri. Bi Mize ahame.

Siku ya nne, alasiri, Fundi Bwanaheri anarudi na chuma chake begani. Akakutana na mwanamke njiani, kafunga mzigo, macho mekundu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Safari ya wapi na jua hili?"

"Sijui, Fundi. Wameniambia niondoke, hawakuniambia niende wapi."

Akamweleza yote. Fundi akasikiliza. Alipofika kwenye kuchechemea, akauliza, "Mguu gani?"

"Wa mbele. Wa kushoto."

Fundi akahamishia chuma bega la pili. Kisha akasema, "Geuka, twende."

Uani kwa Jumbe watu wamejaa. Mganga amekaa na ubani wake, moshi umetanda, farasi anapiga chafya. Fundi akampapasa Kipanga bega, akashuka mpaka mguuni. "Hodi." Farasi akatetemeka. Fundi akangoja. Akangoja mpaka wengine wakaanza kupiga miayo. Mwishowe mguu ukawa mwepesi.

Ukwato ulikuwa moto, unachoma mkono. Akachukua nyundo ndogo, akagonga kichwa cha msumari mmoja mmoja. Wa kwanza, ko. Farasi kimya. Wa pili, ko. Kimya. Wa tatu, ko. Kimya. Wa nne, ko, na Kipanga akaruka nusura amwangushe mzee!

Fundi akaushika kwa koleo, akauvuta polepole. Ukatoka umelowa, mweusi, unanuka, na usaha ukaufuata.

Hakuna aliyeelewa isipokuwa yeye. Angeweza kusema ni mwiba. Angeweza kusema ni jiwe la njiani, na Bi Mize angepona, na jina lake Fundi lingebaki linang'aa. Nani angembishia?

"Umeona nini?" akauliza Jumbe.

"Nimeona kazi yangu," akasema Fundi Bwanaheri. Akauinua msumari juu wote wauone. "Huu niliupigilia mimi, penye ngoma, na sikuusikia. Umeingia kwenye nyama. Mwanamke huyu hana jicho lolote. Mwenye kosa ni mimi."

Mganga akakusanya ubani wake taratibu. Jumbe akainama, akamnong'oneza kwa hasira, "Mzee, kwa nini hukuung'oa kimya kimya? Umejiaibisha na mimi umeniaibisha!"

Fundi hakunong'ona. "Msumari ningeung'oa kimya kimya, Jumbe. Lakini neno mlilompigilia mwanamke huyu, ningeling'oa kwa koleo gani?"

Kisha akamgeukia Bi Mize. "Mwanangu, una chungu kipana? Mguu huu unataka maji ya moto ya chumvi."

Bi Mize akaleta chungu chake kikubwa kuliko vyote. Akachuchumaa mbele ya wale wale waliomfukuza, akashika mguu wa Kipanga, akautia majini. Siku saba, asubuhi na jioni. Siku ya nane farasi akakanyaga.

Mnadhani Fundi alishangiliwa? Thubutu! Walimkimbia. Wanyama wakapelekwa kwa mafundi wa mbali, makaa ya mzee yakapoa msimu mzima, naye akakaa mlangoni anaangalia punda wa watu wakipita. Bibi yangu alisimuliwa kwamba iliuma kumtazama. Mpaka siku moja akaja Jumbe mwenyewe, kwa miguu, anamvuta Kipanga.

"Shikamoo, Fundi." Jumbe ndiye aliyeanza!

"Marahaba. Huko ulikokwenda vipi?"

"Huko hawakosei kamwe," akasema Jumbe. "Farasi ndio wanaochechemea tu."

Mzee akacheka mpaka machozi. Akawasha moto.

Na Bi Mize? Hakuondoka. Akaolewa tena pale pale, akazaa binti, na binti yule ndiye bibi yangu. Kwa hiyo mnaponisikia nawapigia kelele hapa, jueni mzee mmoja alikubali kuonekana mjinga mbele za watu.

Wanangu, kosa lililotoka mkononi mwako, litaje kwa mdomo wako, kabla hajaadhibiwa asiyelijua.

Hadithi yangu naifunga kigingini hapa, na mkienda kuisimulia, msiongeze chumvi. Ya wachukuzi inatosha.