Mjusi wa Asubuhi ya Juni

Wapendwa, huko kwetu milimani, mwezi wa sita umande huganda juu ya majani mpaka ukikanyaga unasikia kacha, kacha. Katika kijiji kimoja cha huko aliishi fundi wa kujenga kwa mawe, na mkewe tumwite Mama Lusungu. Lusungu alikuwa mtoto wao wa pekee. Homa ya mapafu ilimchukua mwezi wa pili, akiwa na miaka minne.

Tangu siku ya mazishi, yule mama alikaa jikoni kwenye kigoda, ameelekea mafiga yaliyopoa. Hasemi, hapiki, halii. Kina mama wa kanisa walikuja na Biblia zao. "Inuka, dada, Mungu bado yupo." Walipoona hajibu, wakaanza kunong'onezana njiani kwamba imani yake imekufa. Je, sisi tungesema nini? Si hayo hayo?

Asubuhi moja mumewe naye alichoka. Akasimama mlangoni akafoka, "Mama Lusungu! Hata moto tu huwezi kuwasha? Utakaa hivyo mpaka lini?" Mama hakugeuza hata shingo. Fundi akachukua nyundo yake akaondoka, moyo unamuuma kwa maneno aliyoyasema.

Siku hiyo alikuwa anabomoa ukuta wa zamani pamoja na mzee mmoja, fundi mwenzake. Akang'oa jiwe, na nyuma yake akamkuta mjusi. Amekauka kama kijiti, amefumba macho. Akamgusa kwa kidole. Kimya.

"Huyu amekufa," akasema, akataka kumtupa.

"Acha, usimtupe," mzee akamwambia. "Mjusi hana moto wake mwenyewe mwilini. Baridi ikimkamata, hata akitaka kukimbia, miguu inakataa. Mweke pale juu, jua lifike."

"Nikimtikisa kidogo hataamka?"

Mzee akacheka. "Ukimtikisa utamkata mkia tu."

Wakaendelea na kazi. Ilipofika saa nne, jua likapanda juu ya kilima likaangukia lile jiwe. Fundi akatupa jicho. Ubavu wa mjusi ulikuwa unapanda na kushuka, polepole. Jicho moja likafunguka. Kisha vidole. Kisha akainua kichwa, akatulia kidogo, na mara, fyuu! Akapotelea kwenye nyasi.

Fundi alibaki ameshika nyundo hewani. Halafu akaiweka chini. "Mzee wangu, niwie radhi, narudi nyumbani."

Alimkuta mkewe pale pale. Safari hii hakufoka. Alitandika mkeka nje, upande wa ukuta unaopata jua, akaingia ndani, akamshika mkono, akamtoa taratibu kama mtu anavyomtoa mgonjwa. Akamfunika blanketi, akaketi kando yake. Hakuomba kwa sauti wala hakumshauri kitu. Kesho yake hivyo hivyo. Na keshokutwa. Majirani walipita wakashangaa: fundi ameacha kazi anaota jua na mkewe!

Siku ya tisa, mama akafungua kinywa. "Sogea," akasema. "Umenizibia jua."

Fundi akasogea haraka. Mama akauliza, "Sweta ya Lusungu uliificha wapi?"

"Kwenye sanduku langu la vifaa."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naogopa kuiona."

Basi yule mwanamume, ambaye kwa miezi minne hakuwa amelitamka jina la mtoto wake peke yake hata mara moja, akaliita. "Lusungu wangu." Akalia kwa kwikwi. Na nani aliyemkumbatia? Yule mama. Yule waliyesema imani yake imekufa ndiye aliyemfunika mumewe kwa blanketi na kumwambia, "Njoo, baba. Kumbe na wewe ulikuwa unaganda."

Ndugu zangu, sisi tuna haraka ya kuzika. Mtu akikosa Jumapili tatu, tunasema amepoa, ameanguka, amerudi duniani. Tunakwenda kumtikisa kwa mistari, na tukitoka kwake tumemwongezea jeraha. Ni lini tuliketi na mtu bila kumfundisha?

Tazameni benchi la tatu, pale dirishani. Kuna baba alikuwa akikaa hapo, sauti yake nzito mnaikumbuka kwenye kwaya. Ana wiki saba hajaonekana, na mimi mchungaji wenu nilimtumia ujumbe wa simu, nikaona nimemaliza. Mungu anisamehe. Leo tukitoka hapa nakwenda kwake, na anayetaka tuongozane aje. Ila Biblia ziacheni kwenye mabenchi. Bebeni chai.