Mto Ukikata Kauli

"Mto ukikata kauli, usitafute mwizi." Mmeusikia msemo huu sokoni mkacheka, mkadhani ni maneno ya mlevi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha Upare, watu waligawana maji ya mto kwa zamu. Maji yakipungua tu, lawama zilipanda moja kwa moja kwa majirani wa juu, na kusema kweli hao wa juu walikuwa na mkono mrefu.

Nakijwa aliishi kando ya kivuko. Alilea wanawe, Senzige na wadogo zake, na kupukuchua mahindi mto ukivuma masikioni, hata akawa hausikii tena. Masika yalipoanza milimani, bondeni bado kukavu, asubuhi moja mikono yake iliacha kupukuchua yenyewe. Hakujua kwa nini. Kisha akatambua kwamba mto umekata kauli, umenyamaza.

Alitoka nje. Maji ya magotini sasa hayakulowesha vifundo. Mumewe, Mrutu, alikuwa keshaingia mtoni na wenzake, majembe mabegani, wakifuata njia ya mkato kwenda kuwakomesha wezi.

"Baba Senzige, toka humo," Nakijwa aliita.

"Wametufungia maji mchana kweupe, mama. Leo watatutambua."

"Mwizi wa maji nimemsikia miaka yote. Akichepusha, mto hushusha sauti taratibu, kama mtu anayesinzia. Huu umekatika mara moja, na mlimani mvua inanyesha. Kuna kitu kimeuziba, baba, na hakitauzuia sana. Nakuomba."

Wenzake walicheka. Mrutu alimtazama mkewe, ambaye hakuwa na desturi ya kuomba.

"Tupande," akasema. "Wezi hawahami."

Wakapanda ukingoni wakinung'unika. Hawajamaliza kukung'uta matope, bonde likatetemeka. Maji mekundu yakashuka na magogo na mawe, yakapita palepale walipokuwa wamesimama mtoni. Kumbe ardhi ilikuwa imeporomoka huko juu na kuziba mto.

Nakijwa alikaa chini, akilia na kucheka pamoja. Mrutu akakaa kando yake.

"Jembe nimeliacha mtoni," alisema.

"Liende salama," Nakijwa akajibu, akamshika mkono asimwachie.

Jioni majirani wa juu walishuka mbio, wakihofia kukuta misiba. Walipokelewa kwa kukumbatiwa, wezi wale wale. Kiangazi kilipofika waligombania zamu kama kawaida. Lakini siku sauti ya maji ilipokatika tena ghafla, hakuna aliyegusa jembe. Mrutu mwenyewe ndiye aliyewahi ukingoni, akiwaita watoto na kuwaambia wapita njia: "Mto ukikata kauli, usitafute mwizi."